UZI: Gesi inayotoka kwenye perspex ikipigwa na leza – moto, ukungu na bomba la moshi

#1 Mabango_Nax

Salamu wadau. Nafungua uzi huu kwa ajili ya gesi peke yake, si dizaini wala bei. Maswali ya moshi yametapakaa kila mahali na jibu huwa lilelile: "ongeza hewa".

Mpangilio uko hivi. Mashine ya CO2, tyubu ya kioo ya 80 W, lenzi ya 50.8 mm, nozeli ya 4 mm. Perspex angavu ya 3 mm, kasi 15 mm/s, nguvu 60%. Meza ya sega la alumini (matundu kama sega la nyuki). Bomba la moshi ni la inchi 4, urefu mita 5, kona tatu, na feni ya 550 W imekaa nyuma ya mashine, ndani ya chumba. Chumba ni mita 3 kwa 4, Nakuru mjini.

Moto mdogo unashika kwenye kona za herufi. Upande wa chini wa kipande una alama za kuungua zenye umbo la sega. Maandishi ya kuchonga yanabaki na ukungu mweupe kando. Na harufu haiishi chumbani hata feni ikinguruma.

Swali kubwa: kwenye programu kuna mahali pa kubadilisha frikwensi ya mapigo, sasa ni 20 kHz. Nikishusha hadi 5 kHz, gesi itatoka kwa vipande-vipande na moto upungue, au ni porojo?

#2 Vumbi_Eldy

Weka kompresa, fungua bar 6, moto utausikia kwa jirani. Maliza uzi.

#3 Mionzi_Ksm

@Vumbi_Eldy hapana, tutarudi kwa hiyo bar 6.

Tuanze na kinachotoka. Perspex, yaani akriliki, ni PMMA. Ikifika kati ya 350 na 400°C mnyororo wake hauungui kama mbao. Unafunguka kutoka mwisho, kama tasbihi iliyokatika uzi, na kinachotoka karibu chote ni monoma yake, methili methakrileti (MMA). Ndiyo ile harufu kali unayoijua. Kwa hiyo "moshi" wa perspex safi kwa sehemu kubwa si moshi, ni mvuke wa kimiminika kinachochemka kwenye 101°C na kushika moto kirahisi. Moshi mweupe unaouona ni mvuke huo ukipoa kuwa matone, pamoja na vipande vya mnyororo ambavyo havikumalizika kufunguka. Ukiona masizi meusi, hapo mvuke tayari umewaka.

Hesabu ya mashine yako. Mfereji wa mkato una upana wa karibu 0.2 mm na kina cha 3 mm, na kasi ni 15 mm/s: hiyo ni 9 mm³ za plastiki kila sekunde. PMMA ina 1.19 mg kwa mm³, basi ni kama 10.7 mg/s. Moli moja ya MMA ni gramu 100. Nakuru iko takriban 1,850 m juu ya bahari na kanieneo ya hewa huko ni kama 81 kPa, kwa hiyo kwenye 25°C unapata karibu mL 3.3 za mvuke kwa sekunde. Mombasa ingekuwa 2.6.

Ndani ya mfereji wenyewe, gesi ikiwa bado na 400°C, kila mm³ 1 ya plastiki hugeuka kuwa zaidi ya mm³ 800 za gesi. Gesi hiyo lazima itoke juu au chini, na ni wewe unayeipangia njia. Usipoipangia itajipangia yenyewe, na moja ya njia hizo ni lenzi yako.

Sasa chumba. Saa moja ya mwanga kuwaka mfululizo hutoa karibu gramu 38, yaani lita 12 hivi za mvuke. Ukiziachia kwenye chumba chako (m³ 30 kama dari ni mita 2.5) unapata karibu sehemu 390 kwa milioni. Kiwango cha kazi ya saa 8 ambacho ACGIH, chama cha wataalamu wa afya kazini cha Marekani, hupendekeza ni 50. Bila feni unakifikia ndani ya dakika 8 za mwanga. Pua inaisikia MMA chini sana ya hapo, kwa hiyo harufu peke yake haimaanishi hatari, lakini harufu isiyoisha feni ikiwa inazunguka inamaanisha feni haifanyi kazi yake.

#4 Mama_Akriliki_Kondele

Nijibu bar 6 kabla mtu hajaijaribu.

Kwa mbao na MDF hewa kali ni sawa, kwa sababu unapuliza masizi na makaa. Kwa akriliki ukingo unang'aa kwa sababu moja tu: tabaka jembamba lililoyeyuka linabaki ukutani na kujisawazisha mvuke ukipita. Ukipiga ndege ya hewa baridi hapo, tabaka linaganda kabla halijasawazika. Unapata ukingo wenye chengachenga, mistari ya wima, na mara nyingine nyufa ndogo ukiosha baadaye.

Fanya hivi kwa nozeli yako ya 4 mm:

– Kukata akriliki 3 mm: lita 10 hadi 15 kwa dakika. Hewa inatoka kwenye nozeli kwa takriban 13 hadi 20 m/s. Inatosha kuzuia mvuke usipande kwenye lenzi.
– Kuchonga: hewa ndogo zaidi, ila usiizime kabisa.
– Mbao: lita 60 na kuendelea. Kwa nozeli hiyo ni karibu 80 m/s.

Pampu iliyokuja na mashine haina kipimo wala koki ya kupunguzia. Weka valvu ndogo ya sindano kwenye mpira wa hewa, ile ya akwariamu inatosha, na weka alama mbili kwa kalamu ya rangi: "perspex" na "mbao".

#5 Vumbi_Eldy

Sawa dada, lakini hewa ya lita 10 ndiyo italeta moto. Kila mtu anajua hewa ndogo = moto.

#6 Mionzi_Ksm

Hapo Eldy ana hoja. MMA huanza kuweza kuwaka ikifika karibu 2% ya hewa. Chukua mL 3.3 kwa sekunde uzichanganye na lita 10 kwa dakika, yaani mL 167 kwa sekunde: 2%. Uko ukingoni kabisa. Kwa lita 60 kwa dakika uko kwenye 0.33%, mbali na moto. Ndani ya mfereji mvuke ni mwingi mno kuwaka, juu ya meza ni hafifu mno; kuna ukanda mwembamba mdomoni mwa mfereji ambapo kiasi ni sawasawa, na hapo ndipo ule ulimi wa moto wa bluu na njano hukaa.

Kwa hiyo hewa ndogo ni chaguo la makusudi, na ina masharti: feni inayovuta kweli, mtu aliyesimama karibu, na kizima-moto cha CO2 mkononi. Kile cha unga kitazima moto lakini kitaingia kwenye reli na lenzi na kukuachia kazi ya wiki. Ulimi wa moto ukidumu zaidi ya sekunde mbili tatu mahali pamoja, bonyeza kitufe cha kusimamisha. Usifungue kifuniko kwanza.

#7 Mabango_Nax

Hesabu imenifungua macho. Na frikwensi je?

#8 Mionzi_Ksm

Jibu: kwa tyubu yako, kutoka 20 kHz kwenda 5 kHz hutaona tofauti. Sababu ni mbili, na ya pili ndiyo haisemwi sana.

Ya kwanza ni tyubu. Tyubu ya kioo ya DC (mkondo mnyoofu) huchukua muda wa karibu milisekunde moja kuitikia. Mapigo ya 20 kHz, moja kila mikrosekunde 50, ni namna tu ya kontrola kuiambia paua saplai itoe mkondo kiasi gani. Mwanga unaotoka umeshasawazishwa. Tyubu za chuma za RF (zinazoendeshwa kwa mawimbi ya redio) ndizo hupiga kweli kwa kilohezi kadhaa.

Ya pili ni plastiki yenyewe. Hata ukiwa na RF, mwanga ukizimika plastiki haizimiki nao. Mwanga wa 10.6 µm huingia ndani ya PMMA makumi ya mikroni, na joto husambaa humo polepole mno, kama 0.11 mm² kwa sekunde. Chukua tabaka la 0.03 mm: zidisha 0.03 kwa 0.03, gawanya kwa 0.11, unapata milisekunde 8 za kupoa. Kwa 5 kHz pigo linalofuata linafika baada ya milisekunde 0.2. Uso haujapata hata nafasi ya kushusha joto. Unaendelea kutoa mvuke kati ya mapigo, na mkondo wa gesi unakuwa mmoja wenye mawimbi madogo, si vipande-vipande.

Mfereji kujimwaga si tatizo. Kasi ya sauti ndani ya MMA ya 400°C ni karibu 240 m/s. Mvuke ukienda hata kwa robo ya kasi hiyo unavuka 3 mm ndani ya mikrosekunde 50. Tatizo ni kwamba ukuta wa moto unaujaza tena papo hapo.

Ukitaka gesi itoke kwa vipande kweli, shuka chini ya kama 100 Hz, ili kila pigo likute uso uliopoa. Lakini kwa 15 mm/s na 100 Hz mapigo yanakaa 0.15 mm mbali na ukingo unakuwa na meno yanayoonekana kwa macho. Kwa ukingo wa kung'aa achana na frikwensi, shughulikia hewa, kasi na kona.

#9 Mama_Akriliki_Kondele

Kuhusu kona: moto unashika hapo kwa sababu kichwa kinapunguza mwendo na nguvu inabaki ileile. Kwenye kontrola ya Ruida kuna nguvu ya juu na nguvu ya chini. Watu wengi huweka zote 60. Kontrola hushusha nguvu kuelekea ile ya chini kasi inaposhuka, kwa hiyo mpe nafasi ya kushusha: 60 juu, 42 hadi 45 chini, kata mraba wa 20 mm, angalia kona. Kona haijakatika? Panda kwa 2. Kona ina shimo lililopanuka au alama ya moto? Shuka kwa 2. Usishuke chini ya kama 10–12%, tyubu ya kioo huko haiwaki kwa uhakika.

Na panga herufi zisikatwe mfululizo zikiwa zimebanana. Kwenye programu ya LightBurn mpangilio wa njia fupi unaokoa muda lakini unarudisha kichwa mahali ambapo bado pana joto na mvuke. Kwa herufi ndogo za beji, ruka moja-moja.

#10 Bati_Kibuye

Mimi nasema kuhusu bomba, maana hapo ndipo pesa hupotea.

Inchi 4 kwa mashine ya 900 × 600 ni dogo. Kwa hewa ileile, hasara ya msukumo hubadilika kwa kipenyo kwa nguvu ya tano. Kutoka inchi 6 kwenda inchi 4 unaongeza hasara karibu mara 7.6. Feni ya 550 W haina msukumo wa kulipia deni hilo, hasa bomba likiwa lile la mkunjo la alumini na kona tatu za ghafla.

Kiasi unachohitaji: jumlisha eneo la matundu yote ambayo hewa huingilia kwenye mashine (chini ya kifuniko, mlango wa mbele, matundu ya pembeni). Mara nyingi ni kama m² 0.1. Unataka hewa iingie kwa angalau 0.5 m/s kila tundu. Hiyo ni m³ 180 kwa saa kwa uchache. Lenga mara mbili, 360. Kwa bomba la inchi 6 hiyo ni kama 5.5 m/s, laini kabisa. Kwa inchi 4 ni zaidi ya 12 m/s na feni inaanza kulia.

Agiza hivi kwa fundi wa bati:

Bomba la bati la zinki la duara, inchi 6, vipande vya mita 1 vinavyoingiana kwa kufuata mwendo wa hewa. Kona ziwe za vipande vinne au vitano, si kona ya pembe moja. Kona mbili zinatosha kwa duka lolote la kawaida. Viungo vyote vifungwe kwa utepe wa alumini, si selotepu, kwani MMA hulainisha gundi ya selotepu ikaanguka ndani ya miezi michache.

Feni itoke chumbani. Iweke nje ya ukuta au mwisho kabisa wa bomba. Ikikaa nyuma ya mashine, mita zote tano za bomba lako ziko chini ya msukumo, na kila kiungo kinachovuja kinapuliza mvuke ndani ya duka. Ikikaa mwisho, bomba lote linavuta, kiungo kikivuja kinaingiza hewa safi. Hiyo ndiyo harufu yako, Nax. Hata usipobadilisha kingine chochote, badilisha hicho. Feni iwe na mota isiyo na brashi. Cheche za brashi na MMA havikai pamoja.

Na chumba kisifungwe mdomo. Feni inayotoa m³ 360 kwa saa inahitaji zirudi kutoka mahali. Acha tundu la sentimita 20 kwa 30 upande wa pili wa chumba, chini, mbali na mdomo wa bomba.

Kwa wa Kisumu: mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu. Mdomo wa bomba ukiutazama huo upepo, saa tisa alasiri moshi unarudi dukani. Panda juu ya paa, mdomo uangalie juu, na badala ya kile kikofia kinachorudisha moshi chini weka bomba pana kidogo juu ya lile dogo ili mvua iteleze pembeni.

#11 Mabango_Nax

Nitajuaje feni inavuta bila kununua kipimo?

#12 Bati_Kibuye

Mpira mwembamba angavu wa mita 1, ukunje uwe U, tia maji yenye rangi nusu. Toboa tundu la milimita 4 kwenye bomba, kabla ya feni, ingiza ncha moja, nyingine iache wazi. Tofauti ya maji ya 10 mm ni karibu Pa 98. Andika kipimo siku bomba likiwa safi, ukutani. Kikipanda, kuna kizuizi kati ya mashine na tundu lako: kichujio kimejaa au mtu amefunika meza. Kikishuka, kuna tundu kubwa limefunguka, au panga za feni zimejaa utando wa nta. Utando huo ni MMA na vipande vyake vilivyogandia humo. Kwangua kwa kipande cha mbao, usichome.

Kwa haraka: ukanda wa karatasi ya tishu kwenye ufa wa kifuniko. Ulale kuelekea ndani pembe zote nne. Pembe moja ikiwa imening'inia tu, moshi wa pembe hiyo unabaki.

#13 Mama_Akriliki_Kondele

Kuhusu alama za sega chini: mvuke unatoka kwa chini ya mfereji, unakuta ukuta wa sega, hauna pa kwenda, na mwanga uliobaki unaugonga palepale. Inua shiti kwa 8 hadi 10 mm. Misumari iliyopigwa kwenye vipande vya alumini inatosha, au vijiti vya kona vya alumini. Bila kuinua, gazeti lililoloweshwa chini ya shiti linasaidia kwa kazi ndogo, ila linaongeza unyevu ndani ya mashine.

Halafu ziba sehemu ya sega ambayo haina shiti juu yake, la sivyo feni inavuta hewa ya bure hapo na chini ya kazi yako hakuna kinachovutwa. Ziba kwa bati, si kwa katoni. Katoni chini ya leza ni kuni.

#14 Kijana_wa_Lab

Samahani wakubwa, niko upande wa fizikia, Njoro. Vitabu vyetu vinasema leza ikipiga polima uso "hulipuka" na gesi huruka kwa kasi kuliko sauti. Mbona hapa mnazungumza kama kuchemsha maji?

#15 Mionzi_Ksm

Ni mashine mbili tofauti, kijana. Vitabu vyako vinazungumzia leza za eksima za mwanga wa urujuanimno, 193, 248 au 308 nm, pigo la makumi ya nanosekunde. Mwaka 1982 Srinivasan na Mayne-Banton wa IBM walionyesha kwamba 193 nm huchonga filamu ya PET (plastiki ya chupa za maji) kwa usafi, na mwaka huohuo Kawamura na wenzake Japani wakaonyesha PMMA.

Pale mwanga huingia kina kidogo sana. Kwenye poliimidi (plastiki inayostahimili joto kali) kwa 248 nm ni chini ya 0.1 µm. Rudia hesabu yangu ya juu kwa kina hicho: tabaka hupoa ndani ya takriban nanosekunde 100. Kila pigo ni tukio peke yake, na kabla ya linalofuata uso umesahau kila kitu. Nishati ikipita kizingiti, ambacho kwa poliimidi na 248 nm ni karibu 50 mJ/cm², tabaka zima huondoka kwa mkupuo na kusukuma hewa iliyo mbele yake kuwa wimbi la mshtuko.

Wimbi hilo hufuata kanuni ya Taylor na Sedov: umbali hukua kwa muda kwa nguvu ya mbili ya tano, na kwa nishati gawanya kwa msongamano wa hewa, kwa nguvu ya moja ya tano. Tuseme mJ 10 zote zimeingia kwenye wimbi, hewa ya Nakuru ni kama 0.95 kg/m³: baada ya mikrosekunde 1 wimbi la nusu tufe liko chini kidogo ya 2 mm kutoka usoni, bado linakimbia kwa zaidi ya mara mbili ya kasi ya sauti. Mwinuko haubadilishi sana, kwa sababu ya ile moja ya tano. Nakuru na pwani hazitofautiani hata kwa 5%.

Karibu kabisa na uso kuna tabaka la Knudsen, unene wa migongano michache ya molekuli. Hapo gesi inayoruka hujipanga kuwa mkondo, na sehemu hurudi kugonga uso. Kwa mvuke wa atomu moja-moja kwenye uvukizi mkali, hesabu ya Anisimov ya 1968 inatoa karibu 18% zinazorudi. Kwa molekuli kubwa namba hubadilika kidogo, lakini jambo ni lilelile: si kila kinachotoka huondoka.

Kwa hiyo uliza kwanza: muda kati ya mapigo, na muda wa tabaka kupoa. Wa kwanza ukiwa mrefu, una mlipuko. Wa pili ukiwa mrefu, una sufuria inayochemka.

#16 Alama_Kakamega

Niongeze kwa wenye leza ya faiba ya 20 W, 1064 nm, wanaoandika kwenye ABS (plastiki ngumu ya maganda ya vifaa) au vifuniko vya plastiki. Mwanga huo hupita plastiki nyingi, unanaswa na rangi au viongezi vilivyo ndani. Gesi inazaliwa chini ya uso na haipati mlango, inafanya povu. Kwenye plastiki nyeusi povu ndilo huonekana kama maandishi meupe, kwa hiyo hapa gesi kunaswa ndiyo kazi yenyewe.

Na huku frikwensi INA maana. 20 W kwa 20 kHz ni mJ 1 kwa pigo. Kwa 80 kHz ni mJ 0.25. Mwanzo wa majaribio: 60–80 kHz, nguvu 30–40%, 800 mm/s, mistari 0.04 mm mbali. Povu likipasuka na kuacha vishimo unavyovisikia kwa kucha, pigo ni kubwa mno, panda frikwensi au shusha nguvu. Maandishi yakiwa ya kijivu badala ya meupe, gesi haitoshi. Punguza kasi kidogo. ABS hutoa stairini, na ikiungua hutoa pia sianidi ya hidrojeni, kwa hiyo feni haina mjadala.

Diodi za bluu za 450 nm kwa perspex angavu, sahau. Mwanga unapita moja kwa moja na kuchoma meza.

#17 Vumbi_Eldy

Wateja wanaleta foam board na kusema ni perspex nyeupe. Mnakata?

#18 Mama_Akriliki_Kondele

Hakuna kukata. Foam board nyingi za mabango ni PVC. Vivyo hivyo stika za vinaili na turubai ya banner.

Gramu 1 ya PVC tupu ina uwezo wa kutoa karibu gramu 0.58 za hidrojeni kloraidi. Ikikutana na unyevu wa hewa inakuwa asidi. Reli na mashine yote huanza kutu kabla hujakohoa mara ya pili.

Kipimo: waya wa shaba wenye mpini wa mbao, upashe kwenye moto wa gesi hadi moto usiwe na kijani, gusa plastiki ikayeyuka kidogo kwenye waya, rudisha motoni. Kijani kibichi = klorini, rudisha mzigo kwa mwenyewe. Fanya nje, upepo ukienda mbali nawe. Kipimo hiki hakikamati Teflon, kwa hiyo ile usikate kabisa hata waya ukinyamaza. Polikaboneti nayo haifunguki kuwa monoma, inageuka njano na masizi. Ikate kwa msumeno.

#19 Mabango_Nax

Limebaki la ukungu kwenye maandishi.

#20 Mama_Akriliki_Kondele

Huo ni mvuke na matone yaliyorudi kutua. Feni yako inavuta kuelekea nyuma, basi chonga kuanzia mbele kwenda nyuma, yaani chini kwenda juu kwenye skrini. Moshi unapita juu ya sehemu ambayo bado haijachongwa na ina karatasi ya kinga. Ukianza juu, kila mstari mpya unaumwagia ukungu mstari uliotangulia.

Acha karatasi, ondoa filamu ya plastiki, maana inayeyuka na kuganda kwenye ukingo. Tumia akriliki ya kumwaga, siyo ya kusukumwa kwa mashine. Ya kumwaga huchongeka nyeupe. Ile nyingine huyeyuka na kubaki angavu yenye matuta.

Usifute ukungu kwa spiriti wala sabuni ya vioo yenye amonia. Ukingo uliokatwa una mkazo ndani yake, spiriti ikiingia nyufa zinatokea hapo hapo. Jaribu kwenye kipande cha kutupa, tone moja pembeni, utaziona zikikimbia. Tumia maji ya vuguvugu, tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini. Ukitaka kubandika kwa gundi ya akriliki, toa mkazo kwanza: 80°C, saa 2 kwa 3 mm, halafu izime tanuri ipoe ikiwa imefungwa.

#21 Mionzi_Ksm

Lenzi pia, kwa sababu hiyohiyo. Utando ukitua hunyonya mwanga, lenzi hupata joto, joto hubadilisha fokasi, unaongeza nguvu, inapasuka. Iangalie kila asubuhi kwa tochi ya pembeni. Isopropili ya 99%, karatasi ya lenzi, pitisha mara moja bila kusugua. Spiriti ya duka la dawa ina maji na mara nyingine mafuta, inaacha doa.

Kwa wa Kisumu, pandisheni joto la maji ya chila, ile mashine ya kupoza tyubu. Hewa ya 28°C na unyevu 70% huanza kutoa umande kwenye 22°C. Chila ikiwa 18, tyubu inatoka jasho na umeme wa juu unatafuta njia nyingine. Weka 24 au 25.

#22 Mabango_Nax

Shukran sana. Nitahamisha feni nje, bomba la inchi 6, kona mbili, valvu ya sindano, misumari, nguvu ya chini 44. Frikwensi naiacha 20 kHz. Swali la mwisho: jirani wa juu ana kinyozi na madirisha wazi. Kichujio cha makaa hai kitamaliza harufu?

#23 Bati_Kibuye

Kitamaliza kwa muda. Ukihesabu makaa yashike 10% ya uzito wake kabla hayajaanza kupitisha, kilo 5 zinashika gramu 500. Kwa gramu 38 kwa saa ya mwanga, hiyo ni kama saa 13. Weka kichujio cha vumbi mbele, la sivyo matone yanaziba makaa mapema. Feni ikae baada ya kichujio. Na utahitaji feni yenye msukumo mkubwa kuliko hiyo ya 550 W, kwa sababu kitanda cha makaa peke yake kinakula msukumo wote.

Mita 3 za bomba kupita dirisha la kinyozi ni rahisi kuliko makaa ya kila wiki mbili. Pandisha.

#24 Vumbi_Eldy

Na stima ikipotea katikati ya kazi?

#25 Bati_Kibuye

Mwanga unazima pamoja na feni, lakini mvuke ulio ndani ya sanduku unabaki. Acha kifuniko kimefungwa, fungua mlango na madirisha ya chumba, zima swichi ya leza ili isiwake yenyewe stima ikirudi. Ikirudi, washa feni peke yake dakika 2, kisha ndiyo mashine.

#26 Vumbi_Eldy

Sawa. Bar 6 nimezirudisha kwa mbao.

#27 Mama_Akriliki_Kondele

Bar 2 zinatosha hata kwa mbao, na kamua maji kwenye kompresa kabla hujaanza.